Asiyechimba Asinywe

Mwanangu Upendo,

Wewe na mama yako mmekwenda sokoni Kwa Mrombo kutafuta beseni na kandambili, na ninavyomjua mama yako, hamtarudi kabla hajabishana na muuza vitunguu, na hata vitunguu vyenyewe hana haja navyo. Nyumba imetulia, ndiyo maana nimekaa hapa mezani kuandika. Habari za chandarua, za kufunga mlango na za kutokula chipsi kila siku nimemwachia yeye. Atakueleza zote, na kesho asubuhi atazirudia stendi mbele ya watu mpaka utamani basi liondoke.

Mimi nina jibu la swali lako. Nitaiweka barua hii kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako la chuo. Uisome mkishapita Moshi, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunigombeza.

Tangu siku ile ya kumbukumbu ya Profesa Anaeli tumekuwa tunaishi kwa salamu. "Shikamoo baba." "Marahaba." "Chai ipo tayari baba." "Asante." Adabu hujakosa hata siku moja. Ila ukinitazama naona kabisa kwamba kuna mtu umemtoa moyoni, na mtu huyo ni mimi.

Ulisimama ukumbini ukasoma makala yako kwa sauti ambayo haikutetemeka. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, na nakiri mwanzoni nilijivuna. Nikamgusa kiwiko mwalimu mwenzangu mstaafu, nikamwambia, "Yule ni wangu." Halafu ukafika kwenye habari ya shangazi yako. Ukasema kwamba katika kijiji cha Profesa mwenyewe, mjane mmoja alikatiwa maji ya mfereji na watu wa Profesa, kwa kutumia maneno ya Profesa, migomba yake ikakauka, akahama na watoto wake. Ukasema Profesa alijua, akanyamaza. Ukauliza: mtu aliyenyamaza mbele ya mjane wa kijijini kwake, anatufundisha nini sisi kuhusu haki?

Nikainuka. Unakumbuka nilivyosema, na ukumbi mzima unakumbuka. Nilisema, "Binti yangu amefika umri wa kusoma, umri wa kuelewa bado unakuja." Watu wakacheka. Wewe ukakunja karatasi zako, ukakaa. Tulipofika nyumbani ukaniuliza, na hukupandisha sauti, "Baba, nataka kitu kimoja tu. Alijua au hakujua?" Nikakujibu kwamba lazima tuangalie muktadha.

Muktadha! Nimefundisha somo la uraia maisha yangu yote ya kazi, na bado neno hilo likinitoka huwa najua nimebanwa.

Alijua, Upendo. Alijua, na hakunyamaza. Nimelijua hilo miaka yote, na sijawahi kulisema popote, kwa sababu ukilisema hilo lazima useme na linalofuata.

Nikuanzie mbali kidogo. Wewe umemjua Profesa kwa vitabu na kwa ile picha yake amevaa tai iliyopinda. Mimi nilimjua akiwa na gumboti. Familia yetu ilikuwa bado inaishi juu mlimani, kijijini kwake, kabla sijashuka kuja kununua kiwanja hapa Kimandolu. Alikuwa anafundisha falsafa ya siasa chuo kikuu, lakini kila likizo alirudi kwao kupunguza matawi ya kahawa, na sisi vijana tulimfuata shambani kama kuku wanaofuata jembe. Alikuwa na mchezo wake. Mkibishana wawili, alikulazimisha useme hoja za mwenzako, useme mpaka mwenzako mwenyewe akubali, "Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyosema." Usipoweza, hukuruhusiwa kumjibu. Ulirudi kukata matawi. Mimi nilikata matawi mengi sana.

Nilimpenda. Kwetu mtu wa hadhi ile alisikilizwa akiwa amesimama na wengine wamekaa, lakini yeye alikaa chini kwenye majani akamuuliza kijana wa darasa la saba anafikiri nini. Ndiyo maana nikisikia mtu anamwita mpambe wa watawala damu inanichemka. Lakini wewe hukumwita hivyo kwa chuki, na hoja zako nyingine, nikizisema kwa ule mchezo wake, zinasimama. Aliandika kwamba mtu apate kwanza kushiba, uhuru wa kusema utafuata. Kuna watu wakati ule walifungwa midomo wakiwa na njaa vilevile, na waliowafunga walikuwa na kitabu chake mezani. Hilo aliliona na alilisemea chini kwa chini, wakati alikuwa na sauti ya kulisema juu. Na katika hoja zake zote za kugawana haki, hakuandika hata ukurasa mmoja kuhusu mwanamke. Hapo nimekutafutia jibu usiku na mchana, sina.

Sasa habari ya mfereji. Falsafa yake yote aliitoa kwenye mfereji wetu, ule unaotoka juu msituni na kupita kwenye migomba ya kila nyumba. Aliona kwamba mfereji hauna mwenyewe. Wa juu akifunga, wa chini anakufa, kwa hiyo wa juu ni mtumwa wa wa chini, atake asitake. Na kila mwaka kabla ya kiangazi kulikuwa na msaragambo: kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnapanda mpaka kwenye banio, kule maji yanakochepushwa kutoka mtoni, mnazibua matope na kujenga upya kwa mawe na majani ya migomba. Matajiri wa kijiji walikuwa wamezoea kukaa majumbani na kutuma debe la pombe ya ndizi badala ya mikono yao. Profesa akaandika sentensi yake iliyomfanya ajulikane: asiyechimba asinywe. Ilikuwa ya kuwakomesha wale.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya mfereji. Kijana, nimetoka chuo cha ualimu, kalamu mfukoni, na sentensi hiyo kichwani. Wazee walinichagua kwa sababu nilijua kuandika, nami nilidhani wamenichagua kwa sababu nina akili.

Shangazi yako Ndeshi, dada yangu, alikuwa ameolewa nyumba ya chini kidogo kwenye mfereji uleule. Mwaka ule mume wake alifariki, watoto wakiwa wadogo. Msaragambo ulipotangazwa hakuwa na mwanamume wa kumtoa. Wewe hukuwahi kuambiwa alifanya nini, maana yeye mwenyewe hapendi kulisema. Alijifunga kanga kiunoni, akachukua jembe la marehemu, akapanda nasi.

Na mwanamke kwetu hakukaribia banio. Hata kupita karibu ilikuwa mwiko. Wazee walisema maji yatakimbia. Tulipomwona anapanda, mzee mmoja akanigeukia. "Katibu, huyo si dada yako?" Wengine wakaguna wakicheka.

Nilishuka kumfuata. Akaniambia, "Elia, nimekuja kuchimba. Si mmesema asiyechimba asinywe?" Nikamwambia arudi nyumbani. Akauliza, "Nikirudi, mtanihesabu nimechimba?" Nikasema kamati itaamua. Kamati, mwanangu, ilikuwa mimi na wazee wawili waliokuwa wanasubiri kuona kama mtoto wa juzi ataweza kuwa mkali kwa damu yake. Nikawa mkali. Nilisimama nikawatolea hotuba kwamba sheria ikianza kuchagua si sheria tena, wakanipigia makofi. Jioni ile nilikwenda kwa mikono yangu nikaziba mchirizi unaoingia shambani kwake, kwa udongo na vipande vya mgomba, nikaukanyaga ukashikamana.

Ona tulivyomfunga. Kitabu kilisema asipochimba hanywi. Mila ilisema hachimbi. Vitu viwili vilivyokuwa havipatani vilipatana juu ya mgongo wa mjane mmoja, na mimi msomi sikuona kitu, au niliona nikaona aibu kukiri mbele ya wazee.

Likizo ilipofika Profesa akarudi. Hili ndilo ulilokuwa unaliuliza. Ndeshi alikwenda kwake mwenyewe kumlalamikia, na kesho yake asubuhi Profesa akanikuta nikikata majani ya ng'ombe. Hakunisalimu. "Elia, mimi nilikuwa nasema na matajiri. Wewe umemkamata nani?"

Nikaanza kumwelezea habari za sheria na kuchagua. Akanikatisha. "Sitaki hotuba yangu mwenyewe, naijua. Kafungue maji ya dada yako. Leo."

Nikasema, "Nitafungua, Profesa."

Sikufungua. Nilijiambia nitafungua giza likiingia, wazee wasione. Giza likaingia, nikajiambia kesho. Halafu nikasikia wazee wanasema klabuni kwamba katibu ameitwa na Profesa akakaripiwa kama mtoto, na hapo kichwa kikawa kigumu kabisa. Siku anaondoka alipita kwangu na begi lake, haraka haraka. "Ulifungua?"

"Nilifungua."

Akanishika bega. "Vizuri. Kitabu kikichapwa tena nitaiweka sawa sentensi ile, imewaumiza wasiohusika." Akaenda zake. Aliniamini kwa sababu alikuwa hajawahi kunikuta na uongo. Kitabu hakikuchapwa tena akiwa hai, na mwaka uliofuata akaugua, akafariki akiamini kwamba Ndeshi ana maji.

Migomba ya Ndeshi ilianza kulala mmoja mmoja. Alihimili kiangazi kile kwa kubeba ndoo kichwani, kisha akauza ng'ombe, akachukua watoto akahamia Oldonyo Sambu, upande ule mkavu wa mlima, ambako marehemu mumewe alikuwa na kipande cha kulima mahindi. Wewe umekulia ukijua kwamba shangazi anapenda kule kwa sababu ya mbuzi. Mimi ndiye niliyekuambia hivyo. Ulikuwa unarudi kutoka likizo kwake miguu imepasuka kwa vumbi, unasema, "Baba, kwa shangazi tunaoga kwa kikombe," nami nacheka na wewe.

Halafu nikawa mtetezi. Wakosoaji wa Profesa walipoipata habari ya mjane, waliipenda mno, na wana haki ya kuipenda, maana ni mbaya. Kila mwaka kwenye kumbukumbu mtu alisimama kuitaja, na kila mwaka mimi nilisimama kujibu. Nimetumia mazingira ya wakati ule. Nimetumia tofauti ya nadharia na utekelezaji. Nimewauliza kama seremala anashtakiwa mtu akigongwa na nyundo yake. Wamenipigia makofi, wameniita mwanafunzi mwaminifu wa Profesa. Kumbe utetezi wa kweli ulikuwa mfupi kuliko yote hayo, na aliyekuwa nao ni mimi peke yangu: aliniamuru nifungue, nikamdanganya. Niliacha marehemu Profesa alaumiwe kwa kosa langu, kisha nikajipatia sifa kwa kumtetea. Nimewaza sana kama kuna namna nzuri zaidi ya kuliandika hilo, na haipo.

Siku ile ukumbini hukuwa umekosea kwa kutokuelewa. Ulikuwa umekaribia mno. Sentensi mbili zaidi na ungenifikia, nikawafanya watu wakucheke ili uishie hapohapo. Mwanangu mwenyewe. Naomba radhi, Upendo, na sikulazimishi uipokee.

Jana asubuhi nilikwenda Oldonyo Sambu. Mama yako alidhani nimekwenda kumwalika shangazi aje kukuaga, na kweli nilimwalika. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitikia, akautazama mfuko nilioubeba. "Umekuja na sukari tu au na maneno? Maana wewe ukileta sukari nyingi huwa kuna maneno."

Nikamwambia umemwandika kwenye makala yako. Akatabasamu. "Aliniuliza huyo mtoto, nikamwambia ni watu wa Profesa. Ningemwambia nini? Kwamba ni baba yake? Profesa amekufa, hakai naye mezani. Wewe unakaa naye." Akaendelea kupukuchua. "Na mimi yale ya maji nilishakusamehe, Elia, tena kanisani. Ulikuwa mtoto, unaogopa wazee."

Angalia alivyokulinda, na alivyonilinda. Ningeweza kunywa chai nikarudi. Nilitamani sana kunywa chai nikarudi.

Nikamwambia la pili, lile la kwamba Profesa aliagiza maji yafunguliwe, na kwamba nilimwambia yamefunguliwa.

Mikono yake ikasimama. Mbuzi akaja akaanza kula mahindi, na hakumfukuza. Kisha akasema, "Kumbe mzee wa watu alisema."

"Alisema, dada."

"Mimi nilimwendea, akaniambia nitaongea na mdogo wako, nenda kalale. Nikangoja. Kila asubuhi natoka kuangalia mchirizi. Nikasema huyu naye ni wa maneno tu." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Alipokufa sikwenda kumzika. Mke wake alinitumia mtu mara mbili, nikakataa. Tulikuwa tumesoma kipaimara pamoja na yule mama, Elia. Mpaka naye akafa sikumpa pole ya mume wake."

Nikamfukuza mbuzi. Akasema, "Maji nilikusamehe. Hili la kunifanya nimchukie mtu aliyenitetea, hili ni jingine. Sijui. Niache kwanza."

Nilipoinuka nikasema, "Shikamoo dada," kama tunavyoagana siku zote. Hakuitikia marahaba. Katika maisha yangu yote haijawahi kutokea.

Ndiyo hayo. Mimi nilidhani nilimwibia maji, kumbe nilimwibia na watu. Na nusura nikuibie na wewe, nikupeleke chuoni ukamsome Profesa Anaeli ukiwa umeshamhukumu kwa jambo nililofanya mimi. Huko utakutana na wanaomwabudu na wanaomtukana. Mpinge kwa alichoandika, kipo cha kutosha. Mpinge kwa habari ya wanawake, mpinge kwa wale waliofungwa midomo, na ukimpinga fanya ule mchezo wake kwanza, mimi ulinishinda siku ile wala hukujua. Ila usimpinge kwa ajili ya mchirizi wa Ndeshi.

Nimeshamwandikia ujumbe mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu kwamba mwaka ujao naomba nafasi ya kusema, na nimemweleza ni nini nitakachosema, ili nisipate mlango wa kurudi nyuma. Hajajibu. Labda ataona nimezeeka vibaya. Nitasimama hata asiponipa nafasi, kama ninavyosimama kila mwaka.

Shangazi amesema kesho atakuja stendi kukuaga, amempigia mama yako. Nitamwamkia tena. Akiitikia au asipoitikia, wewe usinitazame mimi, mkumbatie yeye.

Nasikia lango. Mama yako anacheka, bila shaka amempata muuza vitunguu. Jambo la mwisho. Makala yako usiifute, ni nzuri, na sikukuambia hivyo kwa wakati. Toa lile la kwamba Profesa alinyamaza, kisha irekebishe mahali pamoja tu. Pale ulipoandika "watu wa Profesa", kata maneno hayo, uandike "baba yangu". Na ukiisoma darasani wakakuuliza umelijuaje, waambie amekuandikia mwenyewe.

Ni mimi,
Baba yako Elia